Mwalimu wa Farasi wa Msabah

Msabah Mcha alikuwa mtu wa punda tangu kuzaliwa kwake, na jambo hili halikumtia haya mtu yeyote isipokuwa Msabah mwenyewe. Baba yake alikuwa mtu wa punda, na babu yake vile vile, aliyetoka Bara zamani akakuta mjini Unguja mizigo mingi kuliko migongo. Msabah alirithi gari, akarithi punda wawili wakorofi, akarithi na jina. Mtaani kwao Ng'ambo watu wote walimwita Msabah Punda. Ukimtaja tu, mtu atakuuliza, "Yupi, yule wa Punda?" na yeye akisikia hivyo uso humkunjamana. Alikuwa mrefu, kajaa majivuno, kanzu yake ya Ijumaa haina hata doa, na alitembea mbele ya gari lake utadhani anaongoza jeshi. Mtu wa namna hii kuitwa Punda ni mtihani.

Nyumbani alikuwa na mkewe, Mwanakheir binti Shaame, na huyu zamani alikuwa mpiga ngoma. Harusi ya Ng'ambo iliyokosa mikono ya Mwanakheir ilihesabiwa kuwa nusu harusi. Msabah aliisikia mikono hiyo kwa nje ya ukuta siku moja, akapenda, akapeleka posa, akaoa. Siku ya pili tu akatoa amri kwamba mke wa mtu hapigi ngoma. Wanaume tuna akili za ajabu: tunanunua kasuku kwa ajili ya maneno yake, tukifika naye nyumbani tunamfunika kitambaa. Mwanakheir hakubishana. Aliifunga ngoma yake kwa kanga kuukuu, akaiweka juu ya kabati, akaendelea na mapishi.

Ukaja mwaka wa Mapinduzi, na watu wengi wakafunga safari. Mmoja wao alikuwa Mhindi muuza nguo wa mtaa wa Kiponda. Msabah ndiye aliyempelekea masanduku yake bandarini, mtaani Malindi, na sanduku la mwisho lilipokwisha kupakiwa, Mhindi akamshika mkono, akamrudisha mpaka uani kwake, akamwonesha farasi.

Farasi huyo alikuwa ameletwa kwa meli kutoka Kathiawar, huko Bara Hindi, muda mfupi tu kabla ya mambo kugeuka, wala hakuna mtu mjini aliyepata kumwona akifanya lolote. Hakuwa mkubwa. Rangi yake ilikuwa nyekundu ya kung'aa, shingo yake imesimama wima, na masikio yake, sifa zote ni za Mola, yalijipinda kwa ndani mpaka ncha zikagusana juu ya kichwa.

"Mchukue," alisema Mhindi. "Kumpakia siwezi, na kumuuza moyo haunipi. Lakini nisikilize, Msabah. Farasi wa aina hii ni haba hata huko kwetu, na si wa kila mtu. Mtafutie mwalimu anayemjua."

"Nitamtafutia," aliitikia Msabah, na wakati ule hata angeambiwa amtafutie mke angeitikia vivyo hivyo. Meli ikapiga honi, Mhindi akatoka mbio. Laiti angekaa kitambo kidogo akaeleza kazi ya farasi yule, watu wengi wangesalimika na aibu, mmoja wao akiwa Jaku, ambaye tutafika kwake.

Siku ile ile Msabah akampa farasi wake jina: Sultani. Sasa wewe fikiri, mwaka ule, mtu mzima na akili zake, anapita mbele ya tawi la chama akimwita mnyama Sultani. Mwenyekiti wa tawi lao alikuwa Bwana Usi, mtu mpole, lakini anayependa mambo yaende sawa. Alimvuta Msabah pembeni akamwambia abadilishe jina kabla jua halijatua. Msabah, kwa kutaka kujipendekeza, akambadilisha akamwita Jamhuri. Hapo ndipo palipoharibika zaidi, maana farasi alipofungwa gari hakwenda. Alisimama katikati ya njia ya Darajani, magari yamejaa nyuma yake, na Msabah akawa anapiga ukelele mbele ya kadamnasi, "Jamhuri, nenda. Mbona huendi, Jamhuri? Watu wote wanakungoja wewe." Mara Bwana Usi akafika, jasho linamchuruzika.

"Msabah, ndugu yangu," alisema kwa sauti ya chini, "mwite jina jengine. Lolote lile. Mwite Mgeni."

Akawa Mgeni, lakini gari alilikataa kama kawaida. Tena hakukataa kwa ukorofi. Punda akikataa hupiga mateke na kutafuna kamba. Mgeni alisimama tu, shingo juu, akitazama mbele kwa adabu, kana kwamba kaalikwa mahali na anamngoja mwenyeji wake. Jioni akishafunguliwa alimjia Msabah, akamwekea kidevu begani, akafumba macho. Msabah na mkewe hawakujaaliwa mtoto. Kile kidevu begani kilimwingia Msabah moyoni, wala hakuficha. Alimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba anampenda yule farasi, na kwamba hajapata kuwa na raha namna ile maishani mwake.

Mwaka mzima ulipita hivyo, punda wakifanya kazi na farasi akila, mpaka ngamia wa kinu cha mafuta alipokufa. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa unakaribia, na Unguja bila ya mafuta mwezi huo, yaani bila ya kaimati wala sambusa, hiyo tena si funga, ni adhabu. Kinu kilitaka mnyama wa kukizungusha, kafungwa kitambaa cha macho, tangu asubuhi mpaka magharibi. Na mnyama aliyekuwa akila bure mjini alijulikana.

"Siku hizi kila mtu anafanya kazi," Bwana Usi alimwambia Msabah barazani. "Mimi mwenyewe, na uzee wangu huu, Jumapili nnabeba mawe ya kujengea taifa. Watu nitawaambia nini, kuwa farasi wako kapumzika? Nnakupa mpaka Shaabani iishe. Akivuta gari, ni wako. Asipovuta, nnampeleka kinuni, na usije ukanilaumu."

Msabah alirudi nyumbani. Alimfikiria Mgeni na shingo yake ile, kafungwa macho, anazunguka mahali pamoja mpaka siku ya kufa kwake, akaona afadhali afungwe yeye. Ndipo alipokumbuka habari ya mwalimu.

Mwalimu wa kwanza alikuwa Jaku, mpagazi wa bandarini Malindi, aliyezoea kujisifu kuwa zama za Waingereza alikuwa akipanda farasi wa mashindano pale Mnazi Mmoja. Alikuja na suruali ya kuazima iliyombana hata kupumua, na kifimbo mkononi.

"Farasi ni magoti," alimwambia Msabah. "Mbane kwa magoti, atajua nani bwana."

Alichagua kumpandia karibu na soko la samaki, ili watu wafaidi. Akapanda, akambana. Mgeni aligeuza kichwa akalitazama goti la kushoto, akageuka akalitazama la kulia, halafu akaketi. Akaketi kitako hasa, kama mtu aliyechoka kusikiliza. Jaku akateremka mgongoni taratibu, hana pa kushika, mpaka ndani ya tenga la papa mkavu, na suruali ikapasuka humo humo. Baadaye ilijulikana kuwa kazi yake pale Mnazi Mmoja ilikuwa kuwashikia farasi ndoo ya maji. Ni kazi ya halali kabisa, ila haina magoti.

Msabah akafikiri upya. Farasi katoka Bara Hindi juzi tu, Kiswahili atakijulia wapi? Wahindi waliobaki aliowauliza walikuwa wauza viungo na mafundi saa, wazaliwa wa hapa hapa, na mmoja wao alimwambia waziwazi kuwa yeye anaogopa hata paka. Basi akamwendea Muhiddin, kinyozi, ambaye Kihindi chake alikisoma kwenye sinema. Hakuna picha ya Kihindi iliyofika Unguja isiyoonwa na Muhiddin. Alijua maneno ya bibi arusi, ya mama anayelia, na ya jambazi. Tabu ni kwamba hakujua mengine.

Alisimama mbele ya Mgeni, mkono kifuani, akamwambia kwa Kihindi fasaha kuwa damu ya ndugu yake italipwa. Mgeni akapepesa macho. Akamwambia kuwa yeye, bibi arusi mwenye bahati mbaya, hatarudi tena katika nyumba hii. Mgeni akaendelea kutafuna majani. Maneno yalipomwishia, Muhiddin akahamia kwenye nyimbo, na kwa kuwa aliona wimbo mkavu haunogi, akaligeuza beseni lake la kunyolea akalipiga kwa vidole. Mgeni akaacha kutafuna. Akauinua mguu wa mbele, akaukunja vizuri, akauweka chini. Akauinua wa pili.

"Anataka kutupiga," alisema Msabah, akamkamata Muhiddin kwa ukosi wa shati. Wakatoka wote wawili mbio, wakafunga mlango wa ua. Walichokuwa wakikitafuta kilikuwa mbele ya macho yao, nao wakakifungia ndani. Mwanakheir aliyaona yote hayo kutoka jikoni, mchi wa kinu mkononi, akarudi kutwanga.

Watu sasa wakamshauri Msabah kuwa haya si ya mwalimu tena, ni ya mganga. Akamkamata Mgeni hatamu, wakaenda kwa miguu, wakapita Bububu, mpaka Mangapwani kwa Bi Biasha, aliyekuwa bingwa wa kupunga pepo upande wote ule.

"Shikamoo, Bi Biasha."

"Marahaba. Mgonjwa yuko wapi?"

"Ndiye huyu."

Bi Biasha alimzunguka farasi kwa makini. "Haya masikio?"

"Kazaliwa nayo."

"Ndivyo unavyodhani," alisema Bi Biasha, akaagiza chetezo.

Udi ukafukizwa puani mwa Mgeni, akapiga chafya. Kisha ngoma zikaanza. Mwanzo masikio yake yaliachana, yakakutana tena. Halafu akainua miguu ya mbele, mmoja baada ya mwengine, akaingia katikati ya uwanja bila ya kuvutwa, shingo kaipinda kwa maringo, akazunguka, akasimama kwa miguu ya nyuma, akashuka, akapiga ukwato chini pale pale ngoma ilipopiga. Wagonjwa waliokuja na pepo zao wenyewe waliacha kupandisha wakakaa kumtazama. Usiwacheke watu wa Mangapwani. Kwetu sisi, anayeinuliwa na ngoma bila ya mwenyewe kutaka, ugonjwa wake unajulikana, na hakuna aliyepata kuambiwa kuwa farasi kasamehewa. Bi Biasha akatoa hukumu yake: pepo, na pepo mkubwa, wa kutoka mbali. Akamuuliza pepo jina lake, na Mgeni akashusha pumzi kwa nguvu.

"Kasema," alitangaza Bi Biasha. "Anataka halua, marashi na kilemba chekundu."

Msabah akarejea mjini na farasi aliyevaa kilemba, ananukia marashi kuliko bibi arusi, na mdomoni ana mabaki ya halua. Mwanakheir alikuwa uani anatwanga. Aliusikiliza mkasa wote mpaka mwisho, kisha akauliza:

"Ngoma zilipobadilika, alikosea?"

"Alikosea nini?"

"Mapigo, bwana. Alipotea?"

Msabah alifikiri. "Hakupotea hata mara moja."

"Basi huyo hana pepo. Mwenye pepo huangukaanguka, humwaga chetezo, hukanyaga wenziwe. Huyu kafunzwa kucheza, tena kafunzwa na mtu anayejua. Kwa ngoma atakwenda popote, bila ya ngoma haendi. Mimi nnamwona kila siku nkitwanga. Nkipiga mchi, anainua mguu. Nkiacha, anaacha."

Msabah akajikuta kaketi chini. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Na mbona hukunambia?"

"Mambo ya ngoma si tuliyafunga?" alijibu Mwanakheir. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomchoma Msabah.

Mtu mwengine angeomba msamaha palepale. Msabah akaenda kutafuta debe. Alikwenda nalo uani, akamkabili Mgeni, akalipiga kwa nguvu zake zote. Mgeni alimtazama kwa huruma. Akazidi kupiga. Mgeni akalala chini, akageuzia uso ukutani. Kuku wa jirani waliruka ua na baadhi yao hawakurudi. Msabah akapiga mpaka viganja vikavimba, na Shaabani nayo ikazidi kuyoyoma, ndipo alipolitupa debe akaenda jikoni na kusimama mlangoni, kichwa kakiinamisha.

"Mwanakheir. Nifunzie farasi."

"Mwalimu huombwa hivyo?"

"Nakuomba, mke wangu. Tafadhali."

Mwanakheir akapanda kigoda, akaishusha ngoma kutoka juu ya kabati, akaifungua kanga. Aliipasha moto ngozi yake, akaijaribu kwa kidole kimoja, na Msabah akamwona anatabasamu peke yake. Akaona haya ghafla, kwa kuwa alikuwa kalisahau lile tabasamu. Kwa siku zilizobaki Mwanakheir alikaa juu ya gari ndani ya ua, akamzoesha Mgeni: pigo la taratibu, mwendo, pigo la haraka, maringo, kimya, kusimama. Mgeni alishika yote upesi, kwani mengi alikuwa akiyajua.

Siku ya kutazamwa ikafika. Gari lilipakiwa magunia ya mchele kwenye lango la bandari, yapelekwe Darajani. Malindi yote ilitoka nje: wapagazi, wauza samaki, wazee wa barazani, na wanawake madirishani juu. Jaku alikuwapo, na watu walimwachia nafasi, maana harufu ya papa ilikuwa haijamtoka sawasawa. Bwana Usi alikuja na mtu wa kinu, ambaye alikuwa kaweka begani kile kitambaa cha macho.

Mwanakheir alipanda juu ya magunia, kajitanda buibui lake, ngoma mapajani. Akapiga. Mgeni akainua shingo, akaondoka. Magurudumu yakazunguka. Alikwenda mwendo wa madaha, ukwato na ngoma vinaitikiana, na Msabah mbele yake na kanzu ya Ijumaa ingawa siku ile ilikuwa Jumanne. Vigelegele vikamiminika kutoka madirishani. Wapagazi waliacha mizigo wakafuata nyuma kwa kupiga makofi, na Bwana Usi mwenyewe alionekana akicheza bega moja, kwa siri kidogo.

"Msabah," alisema Bwana Usi akimkimbilia ubavuni, "haya makubwa. Nani kamfunza? Niambie, nkawaeleze watu tawini."

Watu wote wakasogea wasikilize. Msabah alitazama kushoto, akatazama kulia. Aliziona nyuso zote zilizopata kumwita Punda, zimemgeukia kwa heshima, na mdomo wake ukajibu kabla yeye mwenyewe hajaamua.

"Mimi," alisema.

Ngoma ikanyamaza. Mgeni akasimama hapo hapo, mguu mmoja hewani. Gunia la juu liliyumba, likatulia.

"Kulikoni?" aliuliza Bwana Usi.

"Anapumzika kidogo."

Mwanakheir alikuwa anatazama upande wa baharini, mikono kaikunja. Msabah akasogea karibu na gari. "Mke wangu," alinong'ona, "piga."

"Nipige nini, bwana? Mwalimu ni wewe."

Bwana Usi alitazama magunia, akatazama njia, akashusha pumzi, kisha akamwashiria yule mtu wa kinu kwa kichwa. Mtu wa kinu akakivuta kitambaa begani, akakikung'uta, akaanza kukikunja upana wa macho. Mgeni alimnyooshea shingo akidhani analetewa kitu cha kula. Msabah akaiona shingo ile, akakiona na kitambaa, na majivuno yake yote yakamwishia.

"Mwalimu ni mke wangu," alisema.

"Sikusikia," alisema Mwanakheir, bado anatazama baharini.

Msabah akavuta pumzi mpaka kanzu ikamtanuka. "Mwalimu ni mke wangu, Mwanakheir binti Shaame," alisema kwa sauti iliyofika lango la bandari. "Mimi farasi huyu simjui. Nimempeleka kwa Jaku, nimempeleka kwa kinyozi, nimempeleka Mangapwani nkamvisha kilemba. Mimi mtu wa punda."

Mzee mmoja barazani akaanza kucheka, wakadakia wapagazi, ikawa Malindi nzima inacheka. Kicheko hicho ndicho alichokiogopa Msabah umri wake wote. Kikampitia, akabaki kasimama, na miguu yake miwili iko palepale. Ngoma ikalia juu ya kichwa chake. Mgeni akauweka chini ule mguu uliokuwa hewani, akaendelea na safari, na mchele ukafika Darajani hata punje haikumwagika. Mtu wa kinu akakirudisha kitambaa begani akaenda kutafuta ng'ombe.

Tangu hapo kwa miaka kadhaa, mpaka malori yalipozidi bandarini, gari la Msabah lilipita mjini kwa ngoma, na mtu aliyekuwa na mzigo wa haraka alipeleka kwengine, kwa sababu Mgeni akifika penye harusi hakupita. Wageni walipouliza kulikoni mwanamke kukaa juu ya magunia akipiga ngoma, Msabah aliwaachia wengine wajibu.

Lakini jioni ile ya kwanza, walifika nyumbani, Mgeni akafunguliwa gari na kupewa maji yake. Mwanakheir aliiweka ngoma kitandani, si juu ya kabati, akakaa kwenye mbuzi akaanza kukuna nazi. Ua ulikuwa mtupu, mlango umefungwa, hakuna hata jirani wa kuchungulia. Msabah alizungukazunguka, akahamisha ndoo, akairudisha, akaja akasimama mbele ya mkewe.

"Mwalimu ni mke wangu," alisema, ingawa hapakuwa na aliyemuuliza.